Mabao Matatu Kabla ya Jua Kutua

Manga, Nyamira
Jumanne, baada ya kazi

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo Baba. Amani ya Mola iwe juu yako na juu ya kila anayekanyaga kizingiti cha nyumba yetu hapo Msambweni. Natumai goti lako la kushoto limetulia, na kwamba cherehani imekwisha kutengenezwa, maana Mama alinieleza jinsi ulivyoipiga meza ngumi siku ile kipa wetu alipompasia mshambuliaji wa wenzetu, sindano ikavunjika ndani ya suruali ya mteja. Mimi ni mzima. Baridi ya huku mlimani bado haijanizoea, nami sijaizoea, lakini tunavumiliana.

Utashangaa kupokea barua ya karatasi ilhali simu ipo. Sababu ipo, nayo nitaifikia. Nakuomba tu usiisome barua hii kama unavyotazama marudio ya mechi, ukiruka mbele hadi penye bao. Kwa sasa ufahamu hivi: miezi yangu sita ya majaribio katika kiwanda cha chai inakwisha mwisho wa mwezi huu. Ama nitathibitishwa kazini, ama nitafunga begi na kurudi nyumbani na shahada yangu ya Uchumi wa Kilimo. Jambo hilo limesimama mahali pamoja, na anayeweza kulisogeza si mimi wala wakubwa wa kiwanda. Ni wewe.

Lakini kwanza nilipe heshima swali lako. Uliniuliza nina maoni gani juu ya hali ya mpira wa siku hizi, nami nikakujibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa mizanini na wakulima wamepanga foleni. Kuhusu ile mashine ya video inayomsaidia refa, msimamo wangu umebadilika tangu nitoke chuoni. Zamani niliitetea kwa hoja za haki na usawa. Leo naona imetunyang'anya kitu. Mtu anafunga, uwanja mzima unainuka, kisha wote wanabaki mikono juu kama waliokamatwa na polisi, wakimngoja bwana mmoja aliyejifungia chumbani apime kidole cha mguu kwa rula. Bao likikubaliwa, furaha imekwisha kupoa. Unashangilia kama mtu anayekula sambusa ya jana. Nami, Baba, nimesimama mikono juu tangu niletwe huku, nikingoja kuthibitishwa, kwa hiyo nawaelewa wachezaji wale kuliko nilivyowaelewa nikiwa mwanafunzi.

Juu ya makocha wanaofukuzwa kabla hawajafungua mabegi yao, napinga kabisa. Wewe humkabidhi mwanafunzi wako koti la harusi mpaka akae nawe miaka miwili. Hata mimi nimepewa miezi sita kwa kupima majani tu, na majani hayakimbii wala hayavunjiki mguu. Kuhusu kipa kucheza pasi fupi mbele ya lango lake, sindano imeshavunjika; sina la kuongeza.

Ila lipo moja linalonikereketa. Mjini Kisii, jirani na hapa, watu wana timu yao wenyewe. Siku inapocheza nyumbani, watu huteremka vilimani wakiimba, na utaona mpira ambao vumbi lake linakuingia machoni. Hata hivyo watu haohao, wiki hiyohiyo, watanuniana kwa ajili ya mchezaji wa akiba wa Uingereza ambaye hata kocha wake amemsahau. Kijana wa hapa anajua hali ya goti la beki wa huko kuliko goti la baba yake. (Mimi nimeanza na lako, tafadhali zingatia.) Nilikuwa nikiisema hoja hii kwa ukali sana, mpaka Jumamosi iliyopita iliponifunga mdomo.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mkubwa wangu kazini anaitwa Mzee Makori. Ndiye msimamizi wa mapokezi ya majani, ndiye mwenye nyumba ninayopanga chumba, na ndiye atakayejaza fomu ya tathmini itakayoamua kama nabaki. Ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na hesabu kamili. Siku nilipowasili alinipokea sebuleni kwake.

"Karibu Mombasa," akasema. Nilimweleza kwamba sitoki Mombasa, natoka Msambweni. "Ni hukohuko," akasema. "Sasa, Mombasa, wewe ni timu gani?"

Nyuma ya kichwa chake palikuwa na kalenda ya Weupe, mahasimu wetu wa Uingereza. Juu ya kalenda, saa ya Weupe. Kitambaa cha meza, Weupe. Baba, nilikuwa nimesafiri usiku na mchana, nina bahasha ya vyeti kwapani na hamu kubwa ya kupendwa. Nikasema, "Weupe, Mzee. Tangu utotoni."

Ningeishia hapo, pengine ungenisamehe kwa wepesi. Nikaongeza kwamba nimeurithi ushabiki huo kutoka kwa baba yangu mzazi.

Pumzika kidogo kama unahitaji. Wewe uliyenivika jezi ya Wekundu uliyoishona kwa mikono yako kabla sijaota meno, nilikukana mbele ya kalenda. Lile furushi la majani ya chai ulilopokea, lenye maandishi "Kwa mwenzangu katika mateso", lilitoka kwa Mzee Makori. Uliponiuliza ni mateso gani, nilikujibu kwamba ni mateso ya dunia. Hayakuwa ya dunia. Yalikuwa ya safu yao ya ulinzi. Na ile skafu nyeupe uliyoiona kwenye picha, ukadhani ni bendeji ya hospitali, ni zawadi yake pia.

Hapa yakupasa kujua desturi moja ya kilima hiki. Wengi wa majirani zangu ni Wasabato. Tangu jua linapotua Ijumaa mpaka linapotua Jumamosi hakuna kazi, hakuna biashara, chakula hupikwa mapema, na televisheni hufunikwa kitambaa. Sasa mfikirie mtu mwenye imani ya kweli ambaye pia anaipenda kweli timu inayocheza Jumamosi. Mzee Makori amelitatua jambo hilo kwa utaratibu wa kupendeza. Ijumaa, kabla ya jua kutua, anakiamuru king'amuzi kirekodi mechi ya kesho. Simu zote za nyumba zinazimwa na kutiwa kikapuni. Jumamosi, akishafunga Sabato kwa wimbo na sala, kitambaa kinaondolewa, naye anaitazama mechi iliyokwisha kana kwamba ndiyo kwanza timu zinaingia uwanjani.

Na kilima kizima kinamsaidia. Wakatoliki, vijana wa bodaboda, hata wapinzani wake wa kudumu, hakuna anayetamka matokeo karibu na boma lake kabla hajaona mwenyewe. Haijaandikwa popote, lakini nimeona kwa macho yangu mwanamume mwenye ndevu akiruka mtaro na kupita katikati ya chai ili asikutane naye akiwa na matokeo kinywani.

Jumamosi iliyopita Wekundu walicheza na Weupe, tena mechi ya mapema, ile inayokwisha huku jua lingali juu. Unaijua, kwa sababu najua ulikuwa wapi na ulipiga kelele kiasi gani. Mimi nilikuwa sokoni Mosocho. Nilikwenda kununua gambuti za kukanyagia tope, na karibu na muuza gambuti pana hoteli yenye televisheni. Niliketi nyuma kabisa, skafu mfukoni, nikaagiza chai. Bao la kwanza nilikunywa chai. La pili nilikunywa chai ambayo haikuwamo kikombeni. La tatu, Baba, lile la kuuinua mpira juu ya kipa taratibu kama mtu anayetandika shuka, nilisimama juu ya kiti na gambuti mpya mikononi, nikazigonganisha kama matoazi.

Aliyenirudisha ni Nyabuto, kijana wa bodaboda wa hapa Manga. Yeye hana habari na Uingereza. Anashabikia timu ya Kisii peke yake. "Mimi timu yangu naiona na macho," husema. Tulipoanza kupanda mlima akageuza shingo.

"Mombasa, mbona unaimba?"

"Nafurahia maumbile, Nyabuto."

"Maumbile gani? Hata hujaangalia pembeni. Sikiza, kwa Mzee ukifika, uso ufunge kama duka. Huyo omogaka anasomanga uso."

"Mimi ni msomi, ndugu yangu. Naweza kujizuia."

"Nyinyi wasomi ndio hamuwezi."

Mzee alikuwa amenialika niungane na familia kufunga Sabato, heshima ambayo hawapewi wapangaji wote. Niliingia saa kumi na moja. Nilikaa kitini kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mama Kemunto, mke wa Mzee, alinipa maziwa na ndizi mbivu, na kwa muda nilifaulu. Nilifikiri juu ya mbolea. Nilifikiri juu ya mitihani ya takwimu. Lakini lile bao la tatu lilikuwa likipanda na kushuka ndani ya kichwa changu, linapanda, linashuka, na kila liliposhuka wavuni midomo yangu ilifunguka yenyewe.

Nilipoinua macho, Mzee Makori alikuwa akinitazama.

"Mungu ni mwema," akasema polepole.

"Ni mwema sana, Mzee," nikajibu, na katika hilo sikudanganya.

Akamwinamia mkewe, akidhani ananong'ona. "Mama Kemunto, umeona uso ya huyu kijana?"

"Nimeona. Ni uso tu."

"Hapana. Hiyo ni uso ya mabao."

Hapo ndipo nilipoelewa. Alijua kwamba nimetoka Mosocho, ambako mechi huonyeshwa. Alijua kwamba mimi ni wa Weupe, tangu utotoni, kwa kurithi. Kwa hiyo furaha yangu haikuwa na maana nyingine ila moja. Sikutamka hata herufi, na hata hivyo nilikuwa nimempa matokeo, tena matokeo ya uongo.

Baba, sijapata kumwona mtu aliyefurahi vile. Aliuimba wimbo wa kufunga Sabato kwa sauti ambayo, wanasema, haijasikika tangu kocha wao mpya aje. Sala yake ilikuwa ya shukrani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuomba kitu hata kimoja. Jua lilipozama tu, akatuma waitwe wazee wawili wa kanisa, Weupe wenzake, waje watazame. Kisha akaingia nyuma ya nyumba akarudi amekumbatia jogoo.

"Mombasa, chinja wewe," akasema, akinipa kisu, "ndio na wewe ukule bila wasiwasi."

Ona jinsi alivyoikumbuka dini yangu katikati ya furaha yake. Nilisimama uani nimekishika kisu. Kama ningesema ukweli, ningetoa matokeo kabla hajaona, jambo ambalo hakuna mtu amewahi kumtendea katika kilima hiki. Kama ningenyamaza, ningechinja jogoo wa ushindi kwa timu iliyofungwa matatu bila. Yule jogoo alinitazama kama anayetaka kusema kitu. Nikamwelekeza kibla, nikachinja.

Saa moja ikafika, kitambaa kikaondolewa. Bao la kwanza lilipoingia, wale wazee wawili walitazamana, lakini Mzee hakutetereka. "Mapema bado," akawaambia wenzake. La pili likaingia. Mmoja wa wale wazee akasema kitu kwa Kigusii kilichosikika kama maombolezo.

"Tulieni," Mzee akasema. "Hii mechi itageuka. Huyu kijana ameona yote. Si ndio, Mombasa?"

"Mzee, mpira una mambo mengi," nikasema.

"Umesikia? Mambo mengi!"

La tatu likaingia, lile la shuka. Nakiri mbele yako kwamba hata katika hali ile lilikuwa zuri. Mzee akaanza kupiga hesabu kwa vidole. Dakika zilizobaki, mabao manne yanayohitajika. Kila dakika iliyopita, aliyagawanya upya yale mabao manne katika muda uliosalia, kwa subira ya mtu mwenye uhakika. Wazee wenzake walikuwa wamekata tamaa kitambo. Yeye peke yake aliamini, na alikuwa akiuamini uso wangu. Mwishoni Weupe wakapachika bao moja, akaruka juu. "Imeanza!" Mashine ikaitwa, rula ikatolewa, kidole cha mguu kikapatikana na hatia. Bao likafutwa.

"Refa ataongeza dakika," akasema, lakini sauti ilikuwa imeanza kumtoka.

Kipenga kilipolia, alichukua rimoti akazima. Akakunja mikono. Kuku aliingia wakati huohuo, na mvuke wake.

"Mombasa," akasema, bila kupandisha sauti. "Ulikuwa unacheka nini?"

Nikasimama. Nilijibu kwa Kiswahili kirefu, Baba, kile unachokipenda kwenye hotuba za mahafali: kwamba kwa masikitiko makubwa nalazimika kukiri, kwamba mazingira ya kuwasili kwangu yalinisukuma kutoa kauli isiyo sahihi...

"Wacha taarifa ya habari," akasema. "Wewe ni timu gani?"

"Wekundu, Mzee."

"Na baba yako?"

"Wekundu, Mzee. Zaidi yangu."

Mzee mmoja akakisogeza kiti chake mbali nami. Nadhani tungekaa vile hadi leo kama Mama Kemunto hangeweka sahani mezani kwa kishindo. "Kuku hajui matokeo," akasema. "Kuleni." Tukala. Ugali, mboga za chinsaga na kuku wa timu nyingine. Sijawahi kumeza chakula kizuri kwa shida namna ile.

Jana Jumatatu habari ilikuwa imenitangulia kwenye kituo cha kununulia majani. Nyabuto alikuwa amekwisha kuisimulia kutoka juu ya pikipiki. Wakulima waliniita "Karani wa jogoo", nami nikacheka nao. Kisha mama mmoja, ninayempimia majani kila siku, akaweka gunia lake mizanini, nikasoma kilo, akaniuliza, "Karani, hiyo kilo ni ya mizani ama ni ya uso yako?" Watu walianguka kwa kicheko. Lakini yeye, baada ya kucheka, aliinama akazisoma namba mwenyewe, mara mbili. Miezi yote hii hakuwahi kuinama.

Hilo lilinichoma kuliko yote, na Mzee Makori aliliona. Mchana akaniita ofisini. Fomu yangu ilikuwa mezani, imejazwa kwa mwandiko wake wa kushikana. Bidii: nzuri sana. Kufika kazini: nzuri sana. Hesabu: nzuri sana. Uaminifu: hapakuwa na kitu.

"Kazi yako sina neno nayo," akasema. "Lakini hapa niandike nini? Mkulima haangalii mizani, anaangalia mtu anayesoma mizani. Mtu amekana timu ya baba yake sababu ya kalenda, kesho mnunuzi akimwekea kitu kubwa kuliko kalenda, si atakana mizani?"

Nikavua skafu, nikaikunja magotini. 

Akatazama dirishani. "Hata hivyo nikwambie ukweli. Tangu hii kocha yetu ikuje, sijawahi kuwa na jioni kama hiyo. Kutoka saa kumi na moja mpaka bao ya kwanza, nilikuwa bingwa." Nikaona kitu kikitikisika kwenye shavu lake, kama kilikuwa kicheko alikimeza. "Andikia baba yako. Mwambie yote, hata ile ya furushi. Yeye anijibu na mkono yake: yeye ni timu gani, na wewe alikulea timu gani. Si simu. Kwa simu mtu anaweza kuongea na yeyote akasema ni baba yake. Nikipata hiyo barua, nitajaza hapa."

"Na skafu, Mzee? Niirudishe?"

"Kaa nayo. Hii baridi haina timu."

Ndiyo sababu ya barua hii, Baba. Nimeandika yote bila kujipunguzia. Naomba radhi yako kwanza, kabla ya saini yako, kwa sababu nimetambua kwamba ningependa kurudi Msambweni nikiwa nimesamehewa kuliko kubaki hapa nikiwa nimethibitishwa. Ingawa, ukipenda, yote mawili yanaweza kuingia kwenye bahasha moja. Mwandikie Mzee Makori kwa mkono wako. Mshukuru kwa majani ya chai. Mweleze ile jezi uliyonishonea, na kama Mama bado ameihifadhi, itume, aione mishono.

Nakuomba mambo mawili tu. La kwanza, barua wapewe watu wa basi katikati ya wiki, isije ikafika Jumamosi, kwa maana ataiweka kikapuni pamoja na simu nami nitakaa mlangoni nikilingoja jua. La pili ni gumu zaidi kwako, nami nalijua. Usiyaandike yale mabao matatu. Najua kalamu itakuwasha. Najua utataka kueleza hasa lile la mwisho. Yaache, Baba, mpaka nafasi ile kwenye fomu ijazwe.

Msalimie Mama, na umwambie gambuti zinafaa. Msalimie dada Mwanahamisi, mwalimu wetu wa chekechea, na bibi anayeniombea kila alfajiri akidhani niko ng'ambo. Mjomba Rashidi wa duka la simu, ambaye ni wa Weupe, usimsomee barua hii. Akisisitiza, msomee hadi kwenye wimbo wa Sabato tu, mwache na yeye awe bingwa kidogo.

Mimi mwanao, niliyelelewa katika Wekundu na kwa sasa nimejifunga skafu nyeupe kwa sababu ya baridi peke yake,

Swaleh